Siku Mke Wangu Alipoingia Ziwani

Katika miaka yote ya ndoa yetu, mke wangu hakuwahi kulowesha hata unyayo katika ziwa. Jumapili baada ya misa tulikuwa tukiwapeleka watoto ufukweni Bukoba, naye alitandika kitenge mbali na maji, akakaa na viatu vyake miguuni akimenya machungwa. Mimi ndiye niliyeogelea. Nilijifunza ukubwani, kwa shida, na nilijivunia. Yeye alizaliwa Bumbire, kisiwani, na nilijiambia kwamba watu wa visiwani wanaliogopa ziwa kwa sababu wanalijua. Sikumuuliza zaidi ya hapo.

Kisha mashindano ya kimataifa yakaletwa mjini kwetu. Yalikuwa mashindano ya ubingwa ya triathloni, ya kupokezana. Kila timu ina watu wanne, wanaume wawili na wanawake wawili, na kila mmoja anafanya yote matatu: anaogelea, anaendesha baiskeli, anakimbia, halafu anamgusa mkono mwenzake anayemsubiri, naye anakimbilia majini. Zilikuja timu za nchi jirani na nyingine za mbali, zenye baiskeli nyepesi hata mtoto angeweza kuzibeba. Sisi wenyeji tuliruhusiwa kuingiza timu moja. Tulikuwa kijana fundi pikipiki, dada muuguzi kutoka Muleba, binti mmoja wa chuo, na mimi, mwalimu wa jiografia ninayekaribia miaka arobaini. Hakuna aliyetutegemea.

Asubuhi ya mashindano tulimkuta yule binti wa chuo amejikunja chini ya hema, anatetemeka. Muuguzi alimshika paji la uso, akamtazama macho.

"Malaria," akasema. "Huyu haendi popote."

Bila mwanamke wa pili hakuna timu. Kiongozi wetu, mwalimu mstaafu wa michezo, aliinama akaanza kufungua namba tuliyokuwa tumeifunga kwenye baiskeli ya yule binti. Mke wangu alikuwa amefika na chupa ya chai na maandazi. Aliweka chupa chini, akamwambia yule mzee, "Mwalimu, usiifungue. Nitaingia mimi."

Nilidhani anatania ili atuchangamshe. Baiskeli aliiweza, nakubali. Kila siku aliendesha kutoka kwetu Nyanga hadi shule ya msingi anayofundisha kule Buhembe, akipanda na kushuka vilima. Lakini maji?

"Mama, wewe hujui kuogelea," nikamwambia.

Akaniangalia kwa utulivu ambao sikuupenda. "Sijawahi kukwambia sijui kuogelea. Nilikwambia siingii ziwani."

Nilijaribu kukumbuka. Kweli, ndivyo alivyosema siku zote. Ni mimi niliyeyatafsiri maneno yake nilivyotaka.

Kubadilisha mchezaji kuliruhusiwa kabla ya mbio kuanza, lakini msimamizi wa usalama wa majini, mwanamke mwenye sauti ya ukali, alisema hamruhusu mtu asiyemjua mpaka amwone kwanza akiogelea. Mke wangu akavaa taiti za yule binti na fulana yangu, akafunga nywele, akatembea hadi maji yakamfika kifuani. Hapo akasimama. Alisimama muda mrefu, mgongo ametugeuzia, mikono juu ya maji kama mtu anayepapasa shuka. Nilimwita, hakugeuka. Nilikuwa nimeshavua viatu ili nimfuate alipoinama na kupotea.

Maji yalitulia. Nilitazama pale alipokuwa na hapakuwa na kitu. Nilisikia kiongozi wetu akisema polepole kwa Kihaya, "Waitu, waitu," yaani jamani, jamani. Kisha kichwa cha mke wangu kikatokea mbali mno, mahali ambapo mimi ningefika nikiwa nimechoka, na mikono yake ikaanza kukata maji. Hakurusha maji. Alikuwa akienda tu, kama mtu anayetembea katika uwanja wa nyumbani kwao. Alizunguka boya akarudi.

"Mpe kofia," msimamizi akasema, akaondoka.

Mimi nilibaki na viatu mkononi. Ningependa kusema nilifurahi. Nilihisi baridi. Nilikuwa nimemzika naye mama yangu, nimemsubiri leba mara tatu, nimekula chakula chake miaka yote hiyo, na mwanamke aliyekuwa anatoka majini akijifuta uso sikumjua.

Fundi pikipiki alianza, akapokeza tukiwa wa mwisho. Mke wangu akamfuata. Zamu yangu ilikuwa ya tatu, kwa hiyo nilikuwa nimesimama kwenye eneo la kupokezana nikiona kila kitu. Aliwapita wanawake watatu majini, wanawake waliofika kwa ndege na makocha wao. Watu wa Bukoba waliojipanga kando ya ufuko hawakujua ni nani. Nilisikia mtu nyuma yangu akiuliza kama timu ya wenyeji imekodi mgeni. Kwenye baiskeli walimrudia mmoja baada ya mwingine, maana ile haikuwa baiskeli ya saizi yake na alikanyaga kwa raba za kawaida. Alikuja mbio, uso umevimba kwa joto, akanigusa mkono. Vidole vyake vilikuwa vimekunjamana kwa maji.

"Nenda," akasema.

Nikaenda. Sijui niliogeleaje. Nilikunywa maji zaidi ya niliyoyakata, na kila nilipoinua uso niliona ufuko na kujiuliza nimeoa nani. Nilimpokeza muuguzi wa Muleba, naye akapigana mpaka mwisho. Tulimaliza tukiwa mbele ya timu moja, ambayo mmoja wao alipasukiwa na tairi. Watu walitubeba kana kwamba tumeshinda.

Jioni ile, watoto wakiwa kwa shangazi yao, tulikaa nyuma ya nyumba kati ya migomba. Sikumuuliza. Alianza mwenyewe.

Alipokuwa darasa la saba, baba yake alipokea mahari ya mvuvi mmoja mwenye mitumbwi, mtu aliyekuwa na wake wawili tayari. Wakati pombe ikiandaliwa, alichukua ndoo ya nguo akaenda kufua mwambani. Mbali kidogo na ufuko ulikuwa umetia nanga mtumbwi wa injini uliokuwa ukipakia dagaa kuelekea upande wa Muleba. Akavua kitenge chake, akakiweka juu ya ndoo, akaingia majini na gauni, akaogelea mpaka mtumbwini. Mama mmoja mfanyabiashara wa dagaa alimvuta ndani, akamfunika na turubai, na hakumuuliza chochote mpaka walipofika nchi kavu.

"Nyumbani wakakuta ndoo na kitenge," akasema.

Ilinichukua muda kuelewa. "Wakadhani umezama?"

"Walinitafuta kwa nyavu. Walipokosa mwili wakaweka matanga. Mama alinyoa nywele." Alikuwa anachambua maharage huku akizungumza, na hakuacha. "Sikujua. Mimi niliwaza kutoroka tu, sikuwaza ile ndoo. Nilipata habari kwa mjomba, niliyekimbilia kwake pale Muleba. Akawapelekea ujumbe kwamba nipo hai."

"Wakasemaje?"

"Baba alisema amekwisha kunililia, na mtu mmoja halii mara mbili. Mama alikuja kuniona. Alinipiga, halafu akanikumbatia, halafu akaniapisha nisiingie tena ziwani maadamu yeye yu hai."

Nilipokwenda kuposa, mjomba ndiye aliyenipokea Muleba. Niliambiwa baba mkwe ni mgonjwa, safari ya majini haiwezi. Kwa miaka hiyo yote nilikuwa nikimtumia salamu za pole, dawa ya miguu, sukari, na mara moja koti. Mtu mzima mwenye afya, kumbe, ambaye kwa hesabu yake mimi nilikuwa nimeoa marehemu.

"Kwa nini leo?" nikamuuliza.

"Nilimwona mwalimu anafungua ile namba. Na nimechoka kukaa mchangani."

Siku chache baadaye simu yake iliita tukiwa tunakula. Alikuwa mama yake. Mke wangu alisimama, akaiweka simu kwenye spika kwa kuwa mikono ilikuwa na mchuzi, nami nikasikia yote. Walizungumza Kihaya. Mtu fulani wa Muleba alikuwa amerekodi mashindano kwa simu, na video ilikuwa imevuka hadi Bumbire. Nilimtazama mke wangu akingoja kugombezwa kwa kuvunja kiapo.

Mama yake alikohoa kwanza. "Maji yalikuwa baridi?"

"Kidogo, mama."

"Baba yako ameitazama. Ameirudisha mwanzo, ameitazama tena. Anasema unainua kichwa mno unapovuta pumzi. Ndiyo maana ulichoka."

Mke wangu alishika ukingo wa meza. "Amesema tu, au amesema uniambie?"

"Amesema nikwambie."

Mama yake aliita mara mbili, akidhani mtandao umekatika. Ikabidi mimi ndiye nimsalimie na kumuaga, nikiwa sijui la kusema, kwa sababu mwenzangu alikuwa amekwisha kwenda jikoni, na nilimsikia akigeuza ndizi ambazo zilikuwa zimeanza kuungua.

Bumbire hatujaenda bado. Mke wangu huitaja likizo inapokaribia, huuliza nauli ya mtumbwi, kisha hubadili mazungumzo. Lakini Jumamosi huenda ufukweni na muuguzi wa Muleba, nami hukaa kwenye kitenge na watoto, na kila kichwa chake kinapopotea chini ya maji, moyo wangu bado unasimama.