Inchi Moja kwa Kila Kampuni

Kazi ya Kigali niliipata kwa mdomo. Siku ya usaili bosi aliniuliza najua nini kuhusu biashara za Afrika, nami nikaanza kumwaga maneno kama bomba lililopasuka. Nikamweleza saruji ya Nijeria, mbolea ya Moroko, mafuta ya Algeria, benki za Misri, na kwa nini ukitafuta kampuni kubwa barani kila mara unarudi Johannesburg. Mengi ya hayo nilikuwa nimeyasoma kwenye simu ndani ya basi nikitoka Mwanza. Bosi alinisikiliza, akaangalia saa, akanipa miezi mitatu ya majaribio.

Ofisi yenyewe ilikuwa vyumba viwili mtaa wa Muhima, juu ya duka la vipuri vya pikipiki. Tulikusanya habari za kampuni kubwa na miji inayovuta biashara, tukazilinganisha, kisha tukawauzia watu wanaotaka kujua wapeleke wapi kahawa yao, chai yao au pesa zao. Kwangu ilikuwa raha tupu. Wengine hulewa pombe, mimi nililewa orodha. Nikigundua kwamba kampuni fulani ya simu ya jirani inaipita benki fulani ya mbali, natembea barabarani nikicheka peke yangu, na watu wa Muhima, walio wastaarabu, wananipisha.

Niseme ukweli kuhusu Mwanza. Niliondoka kule kwa fujo. Nilimuaga kila mtu, hata wale nisiowajua vizuri, nikisema naenda kufanya kazi na kampuni kubwa za Afrika. Kaka yangu, ambaye alitaka nimsaidie kwenye duka lake la chakula cha kuku, alicheka mpaka akakaa chini. Akasema mzani wake hauna haraka, utanisubiri. Basi kwa miezi mitatu nilikuwa nauona ule mzani kila nilipofumba macho. Kama mkataba usingekuja, ningerudi kupima pumba na dagaa mbele ya wale wale niliowaaga.

Nilikuwa nakaa Kabuga, pembezoni mwa Kigali, kwa shangazi yangu, mwenye duka la sukari, sabuni na mafuta ya kupikia. Jioni nilimsomea orodha zangu wakati anapanga rafu. Alinisikiliza kwa subira ya mtu anayemsikiliza jamaa yake mlevi.

"Na hao wote wanauza nini?" aliniuliza siku moja.

Nikamtajia.

"Mimi sihitaji orodha," akasema. "Kampuni kubwa ni ile ambayo kitu chake kikiisha hapa dukani, wateja wananigombeza mimi. Ile ndogo ikiisha, wananunua nyingine na tunasalimiana vizuri."

Niliandika maneno hayo kwenye daftari na kesho yake nikamsomea bosi kama ya kwangu. Alipenda sana. Sikujisikia vibaya hata kidogo.

Mwezi wa tatu ukaja na mkutano. Wageni kutoka nchi kumi na kitu, siku moja, kwenye ukumbi wa hoteli mjini, na sisi tuwaonyeshe Afrika ya biashara ilivyo. Bosi alikulia Kampala na hapendi mambo ya ovyo. Akasema hataki picha za projekta ukutani, kila mtu anazo. Mimi, bila kufikiri, nikasema tushone ramani ya kitambaa. Kila mji wa biashara uwe na duara lake, na ukubwa wa duara ulingane na ukubwa wa kampuni zake. Maduara tuyabandike kwa pini, ili mwakani hali ikibadilika tubadilishe.

"Madamu," akasema bosi, "hiyo ndiyo mtihani yako. Siku ya mkutano ndiyo miezi mitatu inaisha. Ramani ikiwa sawa, jioni tunaongea."

Nilishuka ngazi mbili mbili. Mwenye duka la vipuri aliona furaha yangu akaniuliza kama nimechumbiwa.

Fundi wangu alikuwa mtaa wa Biryogo, mama mmoja Mwislamu ambaye babu yake alikuja na biashara ya vitambaa kutoka pwani akaoa hapa. Alikuwa na cherehani yake kwenye kibaraza, katika kichochoro ambacho kila mlango una fundi. Nilimpa orodha ya vipimo. Duara la Johannesburg lilikuwa pana kama sinia la pilau. Cairo, Lagos, Casablanca na Algiers zilifuata kama sahani. Nairobi ilikuwa kama kikombe kikubwa, Dar es Salaam pungufu kidogo, Kampala kama sarafu, na Kigali, nilipopiga hesabu mara ya tano nikitumaini nimekosea, ilikuwa kama kifungo cha nguo.

Fundi aliisoma orodha kwa kidole. Kisha akaingia ndani akatoka na gunia la mabaki ya vitambaa, na hapo ndipo nilipojua kwamba mimi nilikuwa mwanafunzi tu. Yeye hakuwa amesoma orodha ya kampuni yoyote, lakini alishika kila kipande kati ya vidole viwili akaniambia njia yake.

"Hii ilishukia Lomé, mama mmoja akaileta na ndege. Hii iko ya Kariakoo, iangalie hapa pembeni. Hii ilipita Mombasa, ikapita Kampala, ikafika hapa imechoka. Hii wanasema ya Nijeria lakini iko ya mbali kabisa, Nijeria imeuza tu."

Akaamua kila duara likatwe kwenye kitambaa kilichopita kwenye mji huo. Nilimkumbatia. Alinitoa taratibu, maana alikuwa na pini mdomoni.

Niliporudi siku mbili kabla ya mkutano, nchi zilikuwa zimeshonwa juu ya shuka nzito, na maduara yamekatwa yote, yamelala mezani. Yalikuwa mazuri mno hata nikashindwa kukaa. Fundi akasema bado kazi ya kukunja kingo kwa ndani, duara moja baada ya jingine, na inachukua muda.

"Usikunje," nikamwambia. "Piga zigizaga tu pembeni, inatosha."

"Nimeacha nafasi ya mshono, dada. Inchi moja kila upande."

"Haina shida, mama. Iache tu."

Akaniangalia juu ya miwani. "Wewe uko haraka sana," akasema, akapiga zigizaga.

Asubuhi ya mkutano nilivaa blauzi yangu nyekundu, ile ya siku kubwa. Ramani ilitanda ukuta mzima wa ukumbi. Wageni waliingia wakaacha chai yao mezani, wakaja kuitazama. Mzee mmoja kutoka Casablanca aligusa duara lake kama anayegusa shavu la mjukuu. Nilikuwa nimejaa furaha mpaka nikahisi nitapaa na kugonga dari.

Halafu mama mmoja wa Nairobi, mkubwa kwenye kampuni ya bima, akasimama mbele ya Afrika Mashariki. Akaweka kiganja juu ya Nairobi, kisha juu ya Kigali.

"Hii yenu imekuwa kubwa hivi lini?" akauliza. "Ni kama nusu yetu. Na mbona mko karibu sawa na Kampala?"

Bosi alikuwa pembeni yake, anapigwa picha, duara la Kigali likiwa juu ya bega lake, pana kama kifuniko cha chupa ya chai. "Tunajitahidi," akasema, na uso wake uling'aa kwa namna ambayo sikuwahi kuiona pale ofisini.

Mimi nikaliangalia duara, nikakumbuka maneno ya fundi. Inchi moja kila upande. Johannesburg umeiongezea inchi, hakuna anayeona. Kigali umeiongezea inchi ile ile, kifungo kimekuwa kifuniko. Fundi alikuwa amewapa wote sawasawa, kama anavyofanya kwa kila nguo, na mimi ndiye niliyemzuia asikunje. Kwenye kona ya ramani, kwa herufi nilizochagua mwenyewe, iliandikwa kipimo cha maduara. Mtu yeyote mwenye rula angetushika.

Ningeweza kunyamaza. Bosi alikuwa anafurahi, wageni walikuwa wanafurahi, na mkataba ulikuwa jioni ile ile. Nilisimama hapo nikiuona mzani wa kaka yangu waziwazi, hata kutu yake. Lakini miezi mitatu nzima nilikuwa nimewasumbua watu wote wa ofisi kwa kusema takwimu ni takwimu, tena kwa kidole juu. Nikamvuta bosi nyuma ya pazia nikamwambia yote.

Bosi akainua pazia kidogo. Akatazama duara la Kigali kwa mbali, kama mtu anayeaga.

"Chakula cha mchana ni saa sita na nusu," akasema. "Saa nane mimi ninasimama kuongea mbele ya hiyo kitu."

Saa sita na nusu nikaiendea ramani, nikachomoa pini zote, nikajaza miji ya Afrika kwenye mfuko wa karatasi, nikapanda moto, pikipiki ya abiria kama wanavyoiita Kigali. Dereva aliuliza nimebeba nini. Nikamwambia Lagos, Cairo na wenzake. Akanipa kofia ya pili akasema nishike vizuri.

Fundi alisikiliza mpaka mwisho bila kusema 'nilikuambia', na hilo sitamsahau. Aligeuza duara moja. Nyuma yake kulikuwa na mstari wa chaki, duara dogo ndani ya kubwa, kipimo changu cha kweli kabisa. Akasimama katikati ya kichochoro akapiga makofi mara mbili.

"Nani ana nafasi? Iko kazi ya haraka. Kata kwenye chaki, piga zigizaga."

Wakatoka mlango kwa mlango. Kwa nusu saa kichochoro kile kilikuwa soko kuu la bara zima.

"Mimi nipe Misri."

"Misri imechukuliwa. Chukua Abidjan."

"Abidjan ni kadogo, nipe kitu ya mwanaume."

"Basi shika Johannesburg, na usiniharibie."

Mama wa mgahawa wa jirani, asiyejua kushona, alipewa Luanda aishike tu isipeperuke, akaishika kwa mikono miwili kama mtoto mchanga. Vipande vilivyokatwa vilianguka chini pete kwa pete, na mimi nikakimbia kutoka cherehani hadi cherehani nikicheka na kulia kwa pamoja, sijui kipi kilikuwa kinaongoza.

Ikabaki Kigali. Fundi aliikata kwenye chaki akaiweka chini ya sindano. Cherehani ikasema tak tak, ikaimeza. Akafungua bamba la chini akakitoa kitambaa kikiwa uzi mtupu. Akakata kingine. Kikamezwa pia.

"Hii haishoneki," akasema. "Ni ndogo kuliko mguu wa mashine."

Saa saba na dakika ishirini. Akanitazama usoni, kisha kifuani. Kabla sijauliza, mkasi wake ulikuwa umepita, na kifungo chekundu cha katikati cha blauzi yangu kilikuwa kwenye kiganja chake. Akakipachika kwenye tundu lililobaki pale alipokata kwenye chaki. Kililingana, hata unywele haukuzidi.

Tulifika ukumbini fundi na mimi kwenye moto mbili. Nilibandika pini kwa mkono mmoja, mwingine ukishikilia blauzi. Kigali aliishona yeye mwenyewe, palepale ukutani, mizunguko minne ya uzi, kama anavyofunga kifungo cha koti. Tulipomaliza, bosi alikuwa anaingia na wageni.

Mama wa Nairobi alikwenda moja kwa moja Afrika Mashariki. "Sasa mko wapi?" akauliza.

Bosi alikohoa. Akasema asubuhi palikuwa na kosa, tumelirekebisha, na Kigali ni ile pale, nyekundu. Hakuna aliyeiona kutoka kwenye viti. Basi wakaanza kuinuka. Mchana ule wote, mmoja baada ya mwingine, watu wa kampuni kubwa kuliko zote waliyapita masinia yao wenyewe, wakainama wakiwa na miwani puani, wakaitafuta Kigali mpaka wakaipata. Yule mzee wa Casablanca aliigusa kwa ncha ya kidole akauliza ni nani aliyeshona. Fundi akainua mkono.

Jioni bosi aliniita kwenye chumba kidogo cha nyuma. Karatasi zilikuwa mezani, kurasa mbili. Alinipa kalamu, halafu akaona nimejishika kifuani.

"Madamu, unaumwa?"

"Hapana, bosi," nikasema. "Kifungo changu kiko kazini."

Nikatia saini kwa mkono mmoja.