Pini za upande wa kushoto

Fundi cherehani alipogusa uvimbe kwenye titi la kushoto, mtoto wake alikuwa bado ananyonya. Mama mkwe alisema ni maziwa yameganda, akamkanda kwa kitambaa cha moto. Uvimbe haukulainika. Hospitalini wakasema ni saratani. Mtoto akahamia kwenye chupa, titi likaondolewa, dawa zikafuata na nywele zikanyonyoka.

Alipopata nguvu alijishonea titi la kitambaa, akalijaza pamba na kulivaa ndani ya sidiria. Kisha akarudi kwenye cherehani, akisubiri majibu ya kipimo cha mwisho.

Simu ya daktari ilimkuta akimjaribisha mteja gauni. Alisikiliza, akasema, "Asante sana, daktari," akaendelea kubana pindo kwa pini. Pini zilizobaki akazichomeka kifuani, upande wa kushoto, kwenye nguo yake, palepale alipozoea kuzichomeka tangu akijifunza kazi.

Mteja alipiga ukelele. "Mama wee! Umejichoma!"

Fundi akainama kutazama. Pini zote zilikuwa zimezama hadi vichwani.

"Hiyo ni pamba, dada," akasema. "La kweli lilishaondoka, na ugonjwa umeondoka nalo. Ndiyo habari aliyonipa daktari sasa hivi."

Wifi yake, aliyekuwa pembeni akimbembeleza mtoto wa fundi, alicheka huku machozi yakimtoka. "Basi zitoe hizo pini, wifi, kabla hujanitobolea mwanangu!"

Fundi akazing'oa moja moja, akapapasa kifua kuhakikisha, kisha akanyoosha mikono.

"Haya, mlete."