Mche Mkononi, Kikombe Kabatini

Miaka ile sukari ilipopotea madukani, bustani za Babati zilistawi kuliko wakati mwingine wowote ninaoukumbuka. Mambo hayo mawili yalihusiana, na nitaeleza kwa mpangilio.

Mgeni akiingia ndani, anakaa. Akikaa, anapewa chai. Chai inataka sukari, na sukari iliuzwa duka la ushirika siku ambayo hakuna aliyeijua mapema, kwa foleni ambayo kila mtu aliijua. Ilikuwepo sukari guru kutoka Magugu, lakini mama yangu aliiita sukari ya wapika gongo na hakutaka ionekane mezani kwake. Aliitumia jikoni, mlango ukiwa umefungwa. Basi wanawake wa mji wetu, bila kuitisha mkutano wowote, wakajikuta wamekubaliana kwamba wageni wapokelewe nje. Na ukimpokea mtu nje lazima uwe na kitu cha kumwonyesha. Wakapanda maua.

Walipanda kwenye madebe ya mafuta ya msaada, kwenye sufuria zilizotoboka, kwenye beseni zisizo na kitako. Baba alikuwa dereva wa greda la barabara, na greda lenyewe lilikuwa limekaa juu ya magogo likisubiri tairi mpya. Zile kuukuu zilikuwa uani kwetu, zimejaa zinia. Baba alisema zinia zimefika mbali zaidi kwa tairi zile kuliko yeye.

Jumapili baada ya ibada tulitoka kwenda kuangalia maua ya watu: mama, dada yangu mkubwa, na mimi niliyekuwa nimemaliza kidato cha nne na sina shughuli nyingine. Tulivaa nguo zilizofuliwa kwa majani ya mpapai, maana sabuni nayo ilikuwa imesafiri pamoja na sukari, na tulinuka kidogo kama mbuzi aliyetoka malishoni. Kila mtu alinuka hivyo, kwa hiyo hakuna aliyesema.

Novemba, mvua za kwanza zikigusa vumbi, tulianzia kotazi za serikali, ambako mikrismasi iliwaka nyekundu juu ya mabati yenye kutu. Mimi na dada tulishindana nani ataona ua la kwanza, na dada alishinda kila mwaka kwa sababu alikuwa mrefu na hakuwa mwaminifu. Aliona maua ambayo mimi sikuyaona hata nilipoonyeshwa. Masika yalikuwa ya dalia. Nesi mmoja alikuwa nazo kubwa kama sahani, nyekundu iliyoiva, na mvua ikishazijaza ziliinama kama waumini waliosinzia katikati ya mahubiri. Mwezi wa sita tulitembea hadi Sigino, ambako hakuna aliyejisumbua na bustani, na huko ndiko nilikoona maua mengi kuliko kokote: mashamba mazima ya mbaazi, manjano kuanzia miguuni mpaka kilimani, na nyuki wakivuma humo kama mashine ya kusaga. Mama hakuyahesabu. Ua likizaa kitu cha kupikwa, kwake lilikuwa limejishushia heshima.

Ziwani tulikwenda wakati wowote, kuangalia yungiyungi. Tulisimama mbali kwa ajili ya viboko. Kiboko ndiye mgeni pekee wa mji ule aliyeingia bustanini bila kukaribishwa na kuondoka bila kutegemea chai. Asubuhi ukikuta amekanyaga zinia zako, majirani walikuja kukupa pole, na wakati wakikupa pole waliangalia kama umeacha mlango wa nyumba wazi, waone kama kuna sukari.

Halafu ilikuja Oktoba. Oktoba mji wote ulikuwa vumbi, na kilichochanua ni mijakaranda ya ofisi za wilaya, iliyomwaga zambarau chini kwa wingi hata makarani wakakanyaga uzuri huo wakienda kusaini na kurudi nyumbani. Majumbani hapakuwa na kitu isipokuwa bogenvilia, mmea usiojali shida ya mtu.

Sasa nieleze habari ya mche, maana bila hiyo mengine hayaeleweki. Mwenye nyumba alikuzungusha bustanini, ukasifia, mkafika getini. Hapo alivunja kijiti cha mmea mmojawapo akakupa ukapande kwako. Ulikipokea, ukashukuru, ukaondoka. Mtu aliyeshika mche hawezi kushika kikombe. Mji mzima ulijua maana yake, na hakuna aliyeudhika, kwa sababu Jumapili iliyofuata na yeye angekupokea hivyo hivyo. Mama alikuwa fundi wa jambo hili. Nilimwona akimtoa mchungaji na mkewe kwa waridi moja, wakatoka wakitabasamu.

Posa ya dada ililetwa Oktoba.

Kijana alikuwa mwalimu wa shule ya msingi huko Dareda. Yeye na dada walikuwa wameandikiana muda mrefu, na dada alishafika umri ambao wanawake kanisani huanza kukuuliza habari zako kwa sauti ya hospitali. Tatizo lilikuwa baba mkubwa wa kijana, aliyemlea na ambaye ndiye msemaji. Yeye alishamwona msichana mwingine, binti wa jirani yake pale pale kijijini, ambaye kumposa hakukuhitaji hata nauli. Alikubali kuja Babati mara moja tu. Kijana alimwandikia dada waziwazi: mzee akirudi hajaridhika, hatakuja tena.

Sukari ya siku hiyo baba aliahidiwa na rafiki yake, dereva wa lori. Wageni walipofika, sukari ilikuwa mahali fulani kati ya Makuyuni na Minjingu, pamoja na lori, pamoja na dereva. Baba alikwenda kusimama barabarani, kana kwamba lori likimwona litaona haya. Mama akasema wageni watakaa nje mpaka baba arudi.

Walikuja wawili. Mzee alivaa koti zito la baridi ya milimani na kubeba kibuyu kilichozibwa vizuri. Alifuatana na dada yake, shangazi wa kijana, aliyeolewa Bagara, hapo hapo Babati, na kuishi mjini miaka mingi. Mama aliwaamkia, akawakaribisha, na kabla hawajamaliza kuitikia akawageuza kuelekea bustanini. Nilifuata nyuma.

Bustani ilikuwa udongo mtupu. Mama hakutishika.

"Hapa kuna dalia, baba," alisema.

Mzee aliangalia. "Wapi?"

"Chini. Zimelala mpaka mvua."

Mzee, kwa adabu, aliinama akaangalia zilipolala. Akaonyeshwa zinia ambazo zingeota, na waridi ambalo lingechanua kama mbuzi wa jirani asingelila. Aliuliza kama udongo ule unakubali maharage. Mama akasema hajawahi kujaribu, jibu ambalo mkulima yeyote angelichukulia kama ugonjwa. Tukazunguka nyumba mara ya pili. Jua lilikuwa kali, koti lilikuwa zito, na barabarani baba alikuwa bado peke yake. Kila tulipopita dirishani niliona pazia likitikisika. Dada alikuwa ndani, kwa kuwa msichana anayeposwa hajitokezi.

Mara ya tatu tulifika getini, penye bogenvilia. Na hapo mikono ya mama ilifanya ilichozoea kufanya kila Jumapili. Ilivunja kijiti, ikamkabidhi mzee.

Mzee alikipokea kwa mikono miwili. Kilikuwa kikavu, chenye miiba, na ua moja la rangi ya zambarau lililobaki kwa bahati. Yeye hakuona ubaya wowote. Ila shangazi alikuwa mtu wa Bagara.

"Kaka, twende," alisema. "Tumeshapewa mche."

"Mche wa nini?"

"Wa kuondokea. Huku ndivyo wanavyokataa watu."

Sijui mama angesema nini. Kukanusha kungekuwa kuwakaribisha ndani, na ndani kulikuwa na birika la majani matupu. Mzee alikiangalia kile kijiti upya, akahamisha kibuyu chake kwapani, akanipa mkono wa kwaheri. Nikaupokea, kwa kuwa sikujua la kufanya.

Mlango ukafunguliwa. Dada alitoka, akapita katikati ya dalia zilizolala, jambo ambalo mama asingemruhusu siku nyingine yoyote. Akapiga goti.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

"Nikushikie huo mti. Ukiwa nao mkononi utashikaje kikombe?"

Alimtoa kile kijiti taratibu vidoleni, kwa sababu ya miiba. Kisha akasema bila kumwangalia mama, "Chai haina sukari. Mama anaona aibu, ndiyo maana mmezungushwa. Lakini viti vipo."

Shangazi alimgeukia mama, na nikaona uso wake ukilegea, maana kwake nyumbani mambo yalikuwa hayo hayo.

"Sukari ya nini?" mzee akauliza, akionyesha kibuyu. "Mimi nimebeba asali tangu alfajiri. Nasubiri tu kuketishwa. Asali ya posa haitolewi mlangoni."

Tukaingia. Chai ilinywewa kwa asali, nyeusi na yenye ladha ya moshi, na mama, aliyekuwa amepona haraka, akamwuliza mzee nyuki wake walitumia maua gani. Mzee alisema hawakumwambia. Baba alirudi mikono mitupu akakuta mazungumzo yameshafika kwenye idadi ya mbuzi.

Jioni wakati wa kuaga, mzee aliangalia huku na huku. "Mti wangu uko wapi?"

Dada alikuwa ameuweka kwenye kopo la maji. Mama aliutoa, akasita, akampa.

"Sasa ndiyo tumefukuzwa vizuri," shangazi alisema, na wakaondoka wakicheka njia nzima mpaka tulipowapoteza machoni.

Mwaka uliofuata, baada ya masika, nilikwenda Dareda kumsalimia dada, na siku ya Jumapili nikapita kwa mzee. Bogenvilia ilikuwa imeshika ukutani, zambarau tupu. Alinionyesha kwa mbele, akanionyesha kwa ubavu, akanirudisha mbele tena, akieleza alivyoimwagilia kwa maji ya kunawia. Nikaisifia kwa moyo wote. Kisha akatoa kisu mfukoni, akakata kijiti akanipa, na nikajua asali imekwisha.