Nelio Assane na Idd Mbili

Habari ilimkuta Nelio Assane Jumamosi saa kumi alasiri, ndani ya lifti, akipanda ghorofa ya kumi na moja kwake Ladywood, Birmingham, na mfuko wa jezi zilizofuliwa begani. Simu ililia, ikalia tena, ikawa haikomi. Makka wametangaza. Mwezi umeonekana. Kesho Idd.

"Haiwezekani," akasema kwa sauti, na mama wa jirani akamtazama kuanzia viatuni mpaka utosini.

Kesho saa nne na nusu asubuhi timu yake ilikuwa na mechi ya ligi ya Jumapili. Na kesho hiyohiyo mtahini wa leseni ya ukocha, Bi Pallavi, alikuwa anakuja na daftari lake kumtazama akiongoza mechi. Alitakiwa kuona dakika sitini, zisipungue hata moja. Zikitimia na akaridhika, Nelio anapata leseni, na baada ya Pasaka anaanza kufundisha watoto kwenye kituo kipya cha mpira kule Longbridge. Zisipotimia, anabaki ghalani kufunga maboksi.

Alikuwa na miaka arobaini na minne. Alizaliwa Setubal, Ureno, na mama kutoka Mosimboa da Praia, kaskazini ya Msumbiji, aliyezungumza naye Kiswahili cha pwani jikoni na kuuachia mtaa umfundishe Kireno. Akiwa na miaka kumi na saba alikuwa tayari beki wa kushoto wa kulipwa. Misimu kumi na mmoja daraja la pili, jezi namba tatu, na magazeti hayakuacha kulikosea jina lake. Halafu Jumatano moja, mbele ya watu wasiozidi mia tatu, goti likakatika. Klabu ilimtumia barua ya mistari minne. Hakuna aliyemuaga.

Birmingham, alikohamia kutafuta kazi, hapakuwa na mtu aliyemuuliza miguu yake inajua nini. Ghala lilitaka kujua anafunga maboksi mangapi kwa saa, basi. Hata hivyo, kwa miaka sita alikuwa amewakusanya Wazanzibari, Wakenya na Wakongo wawili, watu waliotoka zamu na macho mekundu, akawafanya timu inayoogopwa. Aliwafundisha kwa Kiswahili cha mama yake na kuwatukana kwa Kireno. Lakini kumwonyesha mtoto wa miaka minane namna ya kupiga pasi, kwa hilo ilitakiwa karatasi. Mtu aliyeishi kwa mpira miaka kumi na mmoja anaambiwa athibitishe kwamba anaujua! Nelio hakugoma. Alisoma miaka miwili, kila siku baada ya zamu, mpaka ikabaki Jumapili hii moja.

Na kosa lilikuwa lake mwenyewe. Mwezi wa pili, Jasbir, katibu wa ligi, alimpigia simu kwa wema tu: "Idd yenu lini? Nikijua mapema nasogeza mechi." Nelio alikuwa garini na golikipa wake, Muzamil. Akamgeukia.

"Jumatatu, kocha. Andika Jumatatu."

Akaandika Jumatatu. Alisahau jambo linalojulikana katika kila nyumba ya Kiislamu mji huu: wako wanaofuata Makka, na wako wanaongoja mwezi uonekane karibu zaidi. Muzamil na baba yake ni watu wa kungoja. Nahodha Idarous na wachezaji wengine saba ni watu wa Makka. Nelio mwenyewe alifunga na kufungua kama mkewe Asmahan, Mzanzibari, alivyomwambia.

Alimpigia Jasbir. Ratiba ilikuwa imefungwa tangu Ijumaa.

"Nenda kwa Idarous," Asmahan alimwambia, mikono imejaa unga wa visheti. "Usimpigie simu. Neno kama hili linasemwa ana kwa ana."

Idarous alikaa jengo la pili tu kutoka hapo. Alifungua mlango, akauona uso wa kocha wake, akajua.

"Sala saa nne, kocha. Tukitoka tunakwenda kwa mama. Ana watoto watatu mji huu, na ni siku hii tu ndiyo sote tunakaa naye pamoja. Unataka nimwambie nini? Kwamba nimevaa njumu?"

"Dakika sitini tu, Idarous. Sitini."

"Kwa nini hukuniuliza mimi? Au mie nahodha wa kubebea mipira?"

Nelio angeweza kuomba zaidi. Alijua Idarous ana moyo laini, na kwamba akimsukuma kidogo atakubali, na mama yake atakaa mezani akihesabu viti. Akamuaga, akashuka ngazi kwa miguu. Goti lilimuuma kila ghorofa.

Asubuhi, kwenye uwanja karibu na Kings Heath, alihesabu watu kama mtu anayetafuta funguo mfukoni: anajua hazipo, anapapasa tena. Mugo alikuja. Wakongo wawili wakaja pamoja. Wakaja Wakenya wengine wawili. Muzamil alikuja na saumu yake. Sita. Sheria inataka saba. Ilipobaki dakika nane, Walter, nesi kutoka Meru, akatokea mbio getini, sare ya hospitali bado mwilini.

"Kocha, usinikumbatie, nitalala hapahapa."

Bi Pallavi alisimama pembeni, mwanamke mfupi mwenye buti za mvua. "Nimesikia leo ni Idd. Mbona mechi haikusogezwa?"

"Niliuliza mtu mmoja. Ilinipasa kuwauliza wote."

Bi Pallavi akaandika.

Wakacheza saba dhidi ya kumi na moja. "Wenzenu wako wapi?" winga wa upinzani akacheka. "Wanakula pilau," Walter akamjibu. "Wewe umekula nini, mbona huruki?"

Nelio alipanga mabeki watatu, viungo wawili, Mugo peke yake mbele. Walipigwa bao dakika ya nne, la pili dakika ya kumi na mbili, akabadilisha: Mugo arudi, wote wazibe katikati, mpira wa pembeni waachiwe. Dakika ishirini zilizofuata hapakuingia kitu. Muzamil alipangua penalti kwa ngumi, akabaki chini akipumua, midomo imekauka. Wakati wa mapumziko Nelio aliwapanga upya kwa sauti shwari. Alikuwa akitazama saa kila baada ya pumzi mbili. Arobaini na nane. Hamsini.

Dakika ya hamsini na moja Walter alishika paja, akakaa chini.

Mwamuzi akaja. "Mmebaki sita. Una mtu mwingine, au nimalize?"

Mtu alikuwepo. Kama makocha wengi wa Jumapili, Nelio huandika jina lake mwisho wa orodha ya wachezaji. Akamgeukia Bi Pallavi.

"Ukiingia, siwezi kuendelea kukupima," akasema taratibu. "Kocha hupimwa akiwa nje. Mechi ikivunjika, nayo haikutimia. Pole."

Njia zote mbili zilifika palepale. Nelio alitamani kukaa chini kwenye nyasi. Kisha akawaona wale sita wanamtazama, hakuna aliyemwomba, na Muzamil, anayejua nani alimwambia Jumatatu, amegeuzia uso golini.

"Walter, nipe njumu."

Zilimbana vidole. Alicheza beki wa kushoto dakika thelathini na tisa, akipiga kelele mpaka sauti ikakauka: toka, ziba, acha, sasa! Walifungwa tano. Kwa kona ya mwisho Mugo alirudisha moja kwa kichwa, wakashangilia kama vichaa. Alipotazama pembeni, Bi Pallavi alikuwa bado amesimama, daftari limefungwa.

Alasiri walikuwa kwa mama yake Idarous, tope mpaka magotini, na Asmahan amewatangulia. Muzamil alikaa mbele ya sinia, mikono mapajani.

"Wewe peke yako duniani uko Ramadhani," Idarous akamchokoza.

"Nyie mmekula siku ya saumu. Leteni hiyo pilau kesho nyumbani, msiimalize."

Ujumbe wa Bi Pallavi ulifika wakati wa chai. Nelio aliusoma mara mbili, kisha kwa sauti: kipimo hakikutimia. Hakufeli, hakufaulu. Nafasi iliyo karibu ni Juni, Jumapili ya pili. Ajibu kabla ya kesho.

"Na Longbridge?" Asmahan akauliza.

"Longbridge wanataka leseni Aprili." Akairudisha simu mfukoni. "Kesho asubuhi nitawapigia. Nitawaomba wangoje. Wakikataa, wamekataa."

Idarous aliweka kikombe chini. "Kocha, jana ungenishika mkono tu—"

"Najua. Ndiyo maana sikukushika."

Akatoa kalamu, akavuta bahasha tupu iliyokuwa mezani. "Juni. Idd Kubwa. Nataka kila mtu aniambie siku yake, mmoja mmoja. Anza wewe, mama."

"Ijumaa," mama akasema.

"Jumamosi," akasema Muzamil.

Nelio akaandika zote mbili, akawageukia waliobaki.