Mtu Aliyeonwa na Nyanya kwenye Televisheni ya Jirani

Mwezi uliopita nililala kwa ndugu yangu anayeishi Keumbu. Jumapili jioni akawasha televisheni pana kama mlango, lakini kila mtu sebuleni akaendelea na simu yake. Nikamkumbuka nyanya, ambaye aliitazama televisheni kama mtu anayeshukiwa kuiba kuku.

Kwetu Waadventista Jumamosi ilikuwa Sabato, kwa hiyo Jumapili tulichuma majani chai mpaka vidole vikawa vyeusi. Jioni tulinawa miguu, tukala ugali wa wimbi na mboga chungu ya chinsaga, kisha tukapanda kilima kwenda kwa jirani mwenye duka. Televisheni ilikuwa hiyo moja tu kijijini, ikitumia betri ya gari. Chumba kilinuka mafuta ya taa na makoti yaliyoloa mvua. "Mtu anayeongea bila kukujulia hali," nyanya alituonya, "msimwamini upesi."

Wakati huo kitinda mimba wake, baba yetu mdogo, alikuwa ametoweka muda mrefu. Baba alituambia yuko Uganda, kwenye mashamba ya miwa.

Jumapili moja wakaonyesha mpira wa Nairobi. Picha ilijaa chengachenga, kama unga unaopepetwa. Walipoonyesha mashabiki, nyanya akasimama.

"Yule ni mwanangu!"

"Si yeye, Mama," baba akasema.

Alijibu haraka mno, tena macho yake yalikuwa kwa mama yangu, si kwenye picha. Hata mimi niliona. Nyanya akaketi polepole, akamgeukia baba, na mpira ukaisha bila yeye kuutazama tena.

Tangu hapo alimchunguza baba akila, akisali, akifunga ng'ombe. Akakataa chakula cha nyumbani kwetu, akawa anajipikia ndizi zake. Siku moja tukichambua mboga akaniuliza, "Wewe hulala karibu na ukuta wa wazazi wako. Umesikia nini?"

Nikamwambia: nilimsikia mama akimsihi baba, "Mwambie mama yako ukweli."

Nyanya akamwita baba uani. Hapo baba akasema yote. Waligombania kipande cha shamba la chai, akamfukuza ndugu yake. Siku zote hizo alijua yuko Nairobi.

Nyanya hakupiga kelele. "Kamlete," alisema. "Usipomleta, mimi sina mtoto hata mmoja."

Baba alikwenda. Alirudi na baba mdogo, amekonda, pamoja na mke tusiyemjua aliyebeba mtoto mchanga. Nyanya alimshika kitinda mimba wake uso kwa mikono yote miwili. Shamba likagawanywa wiki hiyo hiyo, wazee wakishuhudia.

Tulipokuwa tukinywa maziwa lala, nyanya akamwambia, "Nilikuona kwenye mpira."

"Mpira?" Baba mdogo alishangaa. "Mama, mimi sijawahi kuingia uwanjani."

Kisha nyanya akacheka mpaka akashika ukuta. Baba peke yake hakucheka.

Nyanya, baba na baba mdogo wametangulia sasa, na nyumba ya jirani imebomolewa, pameota mikaratusi. Picha zile sizitamani. Ninachotamani ni kuketi tumebanana kwenye benchi moja, karibu kiasi kwamba mtu akidanganya, mama yake anajua.