Sanduku la Vitabu Lililonadiwa Mitaboni

Mimi ni mhudumu wa maktaba mjini Machakos, na kwa miaka mingi kazi yangu kubwa ilikuwa kulinda soketi za umeme. Wanafunzi waliingia na madaftari yao, wakachomeka simu zao, wakasoma maandishi yao wenyewe mpaka jioni, wakaenda zao. Vitabu vyetu hakuna aliyevigusa. Nilikaa kwenye kaunta nikiwaambia watu wanyamaze, na kwa kunyamazisha watu nilikuwa hodari. Mke wangu husema kipaji hicho nimekileta mpaka mezani.

Ndipo nikapelekwa mafunzo. Yalikuwa mafunzo ya kuifikisha maktaba kwa jamii, chai na mandazi juu, na mwezeshaji alirudia jambo moja tu: tusingoje watu waje kwetu, twende pale walipo. Nilirudi na cheti, nikakipeleka kwa duka la fotokopi kikavikwa plastiki. Nikanunua na koti la kumeremeta, lile la watengeneza barabara, ingawa hakuna aliyenituma. Nilijiona mtu wa nyanjani. Majirani waliniuliza kama nimeajiriwa na watu wa stima.

Mkubwa wangu, Bi Waithira, hana utani kazini. Alinikabidhi sanduku la bati lililojaa vitabu, akaniambia nianzie kijijini Mitaboni.

"Bonface, sikiliza," akasema. "Siku ya kuhesabu mali hii sanduku irudi ikiwa kamili. Na uniletee wanachama wapya. Ukikosa moja kati ya hizo mbili, Mitaboni tunafunga, na wewe unarudi kwa kaunta."

Kurudi kwa kaunta! Nilikuwa tayari kuuza koti langu kuliko kurudi kule. Nikajiuliza, watu wa Mitaboni wako wapi? Siku ya soko wana haraka, hakuna atakayeacha nyanya zake anisikilize. Lakini Jumapili wako kanisani, wameketi, na hawawezi kuondoka. Nilijipongeza kwa akili hiyo njia nzima.

Mchungaji alinipa dakika chache wakati wa matangazo. Nilizungumza vizuri, kwa maoni yangu mwenyewe. Nililifungua sanduku nikaliweka mbele, karibu na madhabahu, ili watu walione vizuri na kuja kujiandikisha baada ya ibada. Palikuwa na vitu vingine pale mbele: malenge, miwa, mkungu wa ndizi, jogoo aliyefungwa miguu. Mtu mwenye macho angeuliza ni vya nini. Mimi niliona ni mapambo mazuri ya mavuno.

Ilikuwa Jumapili ya mnada. Waumini hutoa mazao yao, yananadiwa papo hapo, na fedha zinaingia kwenye ujenzi. Mwaka huo walikuwa wanaezeka paa. Mnadi alikuwa mzee wa kanisa, Josphat, mtu anayeweza kukuuzia kivuli chako mwenyewe ukamshukuru. Aliuza malenge. Aliuza ndizi. Kisha akainama, akainua kitabu kutoka sandukuni mwangu.

"Bwana asifiwe! Mgeni wetu kutoka Machakos hakuja mkono mtupu. Ametupatia vitabu sanduku mzima!"

Wanawake wakapiga vigelegele. Nilisimama nimsahihishe, naapa nilisimama kwa nia hiyo. Lakini niliposimama makofi yaliongezeka, kwaya ikaanza wimbo, na bibi mmoja mbele yangu akageuka akanitazama kwa macho ya shukrani. Maishani mwangu hakuna aliyewahi kunipigia makofi. Hata kwenye harusi yangu walimpigia mpishi. Basi nikainua mkono, nikawapungia.

Baada ya hapo, ningesema nini? Niliketi nikiangalia mali ya maktaba ikitoka kitabu kwa kitabu, huku nikitabasamu mpaka mashavu yakaniuma. Mzee Ndunda, mwenye kinu cha kusaga unga, alipigania kitabu cha utunzaji wa mimba na kukichukua kwa sababu tu jirani yake naye alikitaka. Mwongeli, fundi cherehani, alinyakua cha ufugaji wa nyuki. Kitabu cha mwisho kilikuwa cha watoto, chenye picha ya ndama ukingoni mwa mto. Kikongwe mmoja mjane, Wayua, ambaye jogoo wake alikuwa ameshanadiwa, alifungua fundo la leso na kuinua mkono. Hakuna aliyethubutu kushindana naye. Josphat aligonga meza, na sanduku langu likabaki na kufuli lake tu.

Niliporudi nyumbani nililala chali nikihesabu njia za kujiokoa. Kwenda kumwambia mchungaji ukweli haikuwa mojawapo. Fedha zilikuwa zimeshakuwa mabati, na mimi nilikuwa nimeshapunga mkono. Nikaamua kuvikusanya vitabu nyumba kwa nyumba, kwa werevu.

Nilianza kwa Ndunda. Nilimkuta kinuni, mweupe kwa unga hadi nyusi, kitabu kimewekwa juu ya gunia. Nikamweleza kwa sauti ya kitaalamu kwamba vitabu hivyo vina hatari ya nondo na lazima vikapuliziwe dawa Machakos.

"Nondo?" akasema. "Hiyo ni mambo mbaya. Lakini kusoma nimefika mwezi wa sita, na huyu mama wa kitabu amefura miguu. Wacha kwanza mtoto azaliwe. Jumapili nitakuletea."

Kwa Mwongeli nilibadilisha dawa, maana nilihofia wangelinganisha. Yeye alikuwa akishona sare za shule, na mumewe ameketi kizingitini akimsomea kwa sauti kuhusu malkia wa nyuki. Wateja watatu waliokuja kuchukua nguo zao walikuwa wamesimama hapo wakisikiliza, nguo wamezisahau. Nikawaambia kurasa kadhaa zilichapishwa vibaya, na kiwanda kinavitaka vitabu virudi.

"Kurasa gani?" mume akauliza.

"Za katikati," nikasema.

"Katikati tulimaliza jana. Ilikuwa sawa," akasema Mwongeli bila kuinua mguu kwenye cherehani. "Lakini sawa, mwalimu. Jumapili."

Kwa Josphat mnadi mwenyewe nilisema serikali inataka kuvipiga picha. Hata mimi sijui hiyo ilitoka wapi. Wote walinikubalia kwa upole mno, wakanikaribisha chai, wakaniambia Jumapili. Nilitoka kwa Josphat nikiwahurumia watu wanaodanganyika kirahisi hivyo.

Kwa Wayua nilikwenda mwisho, kwa sababu nilijua kwake ni kazi ndogo. Ajuza asiyejua kusoma, na kitabu cha picha. Nilimkuta uani kwake kando ya njia, anachambua ndengu kwenye ungo, kitabu kimefungwa ndani ya leso pajani. Mbele yake palikuwa na mwendesha bodaboda, pikipiki imezimwa, kofia ya chuma mkononi, anasoma kwa kusitasita juu ya ndama aliyekataa kuvuka mto. Alipomaliza ukurasa aliomba ruhusa ya kwenda.

"Nenda. Lakini ukirudi utasoma ingine," Wayua akamwambia. Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe? Hapa mtu hapiti bure."

Ikawa kila anayetumia njia ile analipa ukurasa. Daktari wa mifugo alikuwa amelipa. Wauza maziwa walikuwa wamelipa. Mchungaji alilipa kurasa mbili kwa sababu ya cheo. Nikakaa kwenye kigoda nikasoma. Nilikuwa na haraka, basi mahali fulani nikafunua kurasa mbili pamoja.

"Umeruka," akasema.

"Nimeruka wapi, Susu?" nikauliza, nikimwita bibi kwa Kikamba.

"Pale mama yake anamwita kutoka ng'ambo. Rudi."

Nilirudi. Nilisoma jinsi ng'ombe anavyomwita ndama wake kutoka ng'ambo ya pili ya mto, na mikono ya Wayua ikatulia juu ya ndengu. Alikuwa akisikiliza kwa mwili mzima. Miaka yote ile kwenye kaunta sikuwahi kumwona mtu akikisikiliza kitabu chetu hivyo, na nikaona haya kwa kile nilichokuja kufanya. Nilitafuta uongo wa nne. Nilikuwa nao kabisa, wa panya, lakini haukutoka.

"Susu, hiki kitabu si changu," nikasema. "Vitabu vyote havikuwa vyangu. Ni vya maktaba. Mzee Josphat alikosea, na mimi nikanyamaza. Nikawapungia mkono."

Akacheka mpaka akashika mbavu.

"Mwana wakwa, tunajua. Si hii muhuri iko kila karatasi? Ndunda alitusomea hapo hapo kanisani, kabla mnada iishe."

"Mlijua? Na mkanunua?"

"Ulikuwa umeinua mkono juu, hivi," akasema, akaniigiza vizuri kupita kiasi. "Wewe ni mgeni. Tungekuaibisha aje mbele ya watu? Na mabati ilikuwa inatakikana. Tukasema, atatuambia mwenyewe." Akarudi kwenye ndengu zake. "Ndunda wa nondo alisema haufiki Ijumaa kabla useme ukweli. Mimi nikasema utafika."

Jumapili nilikwenda kanisani bila koti la kumeremeta. Baada ya matangazo niliomba nafasi, nikayasema yote mbele ya watu, na safari hii nilishika mikono nyuma. Hakuna aliyepiga makofi. Josphat akainuka taratibu, akaita wenye vitabu waje mbele. Ndunda aliweka chake sandukuni na kutangaza kwamba kimeshapuliziwa dawa, na mtoto ni msichana. Mwongeli akasema kiwanda kimezitengeneza zile kurasa za katikati. Josphat akasema serikali imeshapiga picha. Kanisa lilicheka hadi mchungaji akaketi chini. Nami nilicheka, machozi yakinitoka, na sitadai yote yalikuwa ya kicheko.

Kisha wakapanga foleni wakajiandikisha, na wengi wakaondoka na vitabu vile vile walivyovirudisha. Mwongeli tayari alikuwa ameagiza mizinga.

Wayua hakurudisha chake hata kwa dakika moja. Alibonyeza kidole gumba kwenye wino, akakibonyeza tena kwenye kadi, akafunga leso. Siku ya kuhesabu mali Bi Waithira alisimama juu ya sanduku lililokuwa karibu tupu, akaniuliza vitabu viko wapi.

"Vimeazimwa," nikasema.

Alizitazama zile kadi moja baada ya nyingine, polepole. "Vyote?" Nikamwambia vyote. Hakunisifu, si mazoea yake, ila Mitaboni haikufungwa.

Sasa kila baada ya wiki mbili mimi hupitia uani kwa Wayua kumwongezea muda wa kukaa na kitabu. Yeye hutaka nigonge muhuri kwa nguvu, asikie. Halafu hunipa kigoda na kitabu, na kabla sijafungua huniuliza, bila kucheka:

"Na hii kitabu ni ya nani?"

"Si yangu, Susu."

"Haya, soma."