Nilimwita Mbwa Ili Muzee Arudi

Mbwa yule hakuwa wangu. Muzee wangu, yaani mume wangu, ndiye aliyemleta, mdogo bado, ndani ya koti la mvua, siku aliyotoka kazini Rubona kwa mara ya mwisho. Miaka yote alipakua mizigo ya boti pale bandarini, na wavuvi wakamuaga kwa kumpa mbwa. Nilisema mbwa hatalala ndani ya nyumba yangu. Hakulala ndani. Alilala mlangoni, na kila asubuhi nilimruka.

Kichwa chake kilikuwa kigumu. Ukimwita anakutazama, anafikiri, halafu anaendelea na shughuli zake. Mimi sipendi kuita mara mbili, watoto wangu wote wanalijua hilo. Kwa hiyo siku alipokuja nilimchapa na fagio, kwa ajili ya zile siku ambazo hakuja. Naye akaelewa alivyoelewa.

Hayo hayakunisumbua mpaka akili ya muzee ilipoanza kupotea. Kwanza alitia chumvi ndani ya chai. Baadaye akawa anatoka asubuhi kwenda kazini, kazi ambayo hakuwa nayo tena. Tunakaa Nengo, na ukishuka kutoka kwetu, barabara inakufikisha ziwani hata kama hukutaka. Anashuka, mikono mgongoni, mbwa pembeni yake. Nikimfuata na magoti yangu haya simfikii. Niliogopa maji. Niliogopa pia yale magari ya Rubona yanayopita pale kama yanafukuzwa.

Utaniuliza: si ungemwita? Nimwite vipi. Kwetu mwanamke hataji jina la mume wake. Mama yangu alinifundisha hilo kabla ya kunifundisha kupika, na mama mkwe akalirudia siku niliyoingia kwake: ukimtaja, unampunguzia siku. Tulipopata mtoto wa kwanza nikamwita baba wa fulani, kama wenzangu. Mtoto yule tulimzika njiani tulipokuwa tunarudi kutoka Kongo, na tangu hapo hakuna aliyetamka jina lile nyumbani, si mimi, si yeye. Ikabaki Muzee. Haya, simama barabarani upige kelele "Muzee!" uone wanaogeuka. Wanageuka wote, isipokuwa wangu.

Bon. Nikaona jambo moja: mbwa akirudi, muzee anamfuata, kwa sababu akilini mwake yeye ndiye aliyekuwa anamtembeza mbwa. Nikasema basi, nitamfundisha mbwa kuitika.

Nilianza vibaya. Nilisimama getini nikafoka. Jirani yangu, mjane anayevuka mpaka pale Petite Barrière kila siku kwenda kuuza nyanya Goma, akasimama akicheka mpaka beseni likayumba kichwani.

"Mukecuru, we bibi, unaita mbwa ao unafukuza mwizi?"

"Naita mbwa."

"Na sauti hiyo? Hata mi nikiisikia nakimbia. Na fagio ni ya nini?"

"Asipokuja nitamuchapa."

"Na akikuja?"

"Akichelewa, pia."

"Eh! We ungekuja?"

Nikaingia ndani na fagio. Jioni akaniletea sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa letu, waliokaushwa, ndani ya karatasi.

"Usimuite kwa kumufunga, usimuite kwa kumuchapa. Akikuja, hata akichelewa, umupe. Na umuite ni kama unaita mutu unapenda."

"Mi sina sauti ya hivo."

"Utaitafuta. Ao ngoja maji imubebe muzee."

Nikaitafuta. Nilianzia ndani ya ua, karibu kabisa, wakati hakuna mtu wa kunisikia. Sauti niliyoipata ilikuwa ile niliyowabembelezea watoto wachanga, na ilitoka na kutu. Mbwa akatazama kwanza mikono yangu, akitafuta fagio. Akaja upande upande. Akala. Kesho yake tena. Kutoka uani tukaenda getini, kutoka getini tukashuka hadi kwenye mikaratusi. Siku aliyookota mfupa wa mbuzi hakuja upesi, nikasimama pale na mkono umenyooka, ulimi umefungwa, wapita njia wananitazama. Lakini kuita mara moja tu, hilo halikunishinda.

Halafu siku moja muzee alikuwa ameshafika mbali, karibu na kona. Nikaita. Mbwa akageuka, akapanda mbio, na muzee nyuma yake, polepole, anahema. Akafika getini, akanitazama usoni, akatabasamu.

"Nilikuwa nakuja," akasema. "Leo umeniita vizuri."

Sikumwambia nilikuwa namwita nani. Nikamwekea chai.

Tuliishi hivyo muda mzuri. Ninaita, wanapanda, anakunywa chai yake, ananieleza mizigo ya siku hiyo. Siwezi kudanganya, nilianza kuingojea saa ile. Katika ndoa yetu yote sikuwahi kumwita kwa sauti ile, naye hakuwahi kuja mbio kiasi kile.

Zikaja mvua. Asubuhi moja nikaita, mbwa akaja, akakaa mbele yangu. Mkono ulishatoa samaki kabla macho hayajaona. Tumbo lake lilikuwa limelowa, lakini mvua ya siku hiyo ilikuwa haijaanza. Nikatazama barabarani. Hapakuwa na mtu nyuma yake.

Nilishuka bila viatu. Wakati mbwa yule alipokuwa hasikii, hakumwacha muzee hata siku moja. Nilikuwa nimemfundisha kuja kwangu, na alikuja.

Muzee alikuwa ndani ya maji mpaka kiunoni, mikono ameinyoosha mbele, anangoja kupokea mzigo. Hapakuwa na boti. Wamama waliokuwa wanafua walikuwa wanapiga kelele, "Muzee, toka! Muzee, utaanguka!" Hakugeuka. Mbwa alikaa kando ya mguu wangu, ametulia. Nikamwambia nenda, kamlete. Akanitazama tu. Hilo sikuwa nimemfundisha.

Ndipo nikamtaja jina lake. Jina lote, lile alilopewa na baba yake. Wamama wakanyamaza, nguo mikononi, maana wanajua maana yake.

Akageuka. "Karame," akasema.

Maana yake uishi siku nyingi, na hilo ndilo jibu la mtoto aliyelelewa vizuri, akiitwa na mzazi. Akatoka majini mwenyewe, akasimama mbele yangu, kichwa chini kama anayengoja fimbo, akaniuliza kama ng'ombe wameshakunywa.

"Wameshakunywa," nikamwambia. "Twende nyumbani."

Kifua kilimshika wiki ile ile. Hospitali walifanya walichoweza. Tulimzika mvua hazijaisha.

Siku za msiba dada yake mkubwa alivuka kutoka Goma, akakaa mkekani kando yangu bila kunitazama.

"Wanasema ulimutaja. Mbele ya watu."

"Nilimutaja."

"Na ulijua mama alisema nini."

"Nilijua. Na aliitika."

Akainuka, akaenda kukaa na wengine. Tangu siku ile hajanikanyagia mlango. Simlaumu. Kuna usiku ambao hata mimi nakubaliana naye, na asubuhi nakumbuka yale maji yalikuwa yamemfika wapi.

Jirani bado ananiletea sambaza, na mbwa bado analala mlangoni. Nikimwita anakuja mara moja, na ile sauti siku hizi siitafuti, iko tu. Anafika, anakaa. Lakini kabla ya kula anageuza shingo, anatazama barabara kule chini. Simharakishi. Nasimama na samaki mkononi mpaka amalize kutazama.